Imezorota, imedorora au imeporomoka? Maswali ya kila siku kuhusu maneno ya kushuka taratibu

Taarifa ya kijiji ikianza kusomwa kwetu Kilolo, mkoani Iringa, iwe Ruaha Mbuyuni kwenye joto la bondeni au Idete kwenye ukungu wa milimani, haichukui muda utasikia kwamba kitu fulani kimezorota. Mradi wa maji umezorota. Mahudhurio ya shuleni yamezorota. Ukusanyaji wa michango umezorota. Watu wanatikisa vichwa, mwenyekiti anafungua ukurasa unaofuata, na hakuna aliyeuliza imezorota kutoka wapi hadi wapi, wala tangu lini.

Kiswahili kina maneno mengi ya kushuka taratibu, na kila moja lina kazi yake. Mtu akilikosea neno kwenye gumzo la jioni hapati hasara yoyote. Akilikosea mbele ya daktari, kwenye barua ya malalamiko, au anaposikiliza taarifa ya uchumi redioni, anaweza kukosa huduma, au akapotoka bila mtu yeyote kumwambia uongo. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara nyingi, pamoja na mengine yasiyoulizwa ambayo yangepaswa kuulizwa.

"Kuzorota" maana yake nini hasa?

Ni kupoteza nguvu au ubora kidogo kidogo. Ukilitumia neno hili umekwishasema mambo matatu kwa mpigo: kitu hicho kilikuwa na hali nzuri, hakikuharibika kwa siku moja, na bado kipo. Kisima kisichotoa hata tone hakijazorota, kimekauka. Zahanati iliyofungwa haijazorota, imefungwa.

Hilo la tatu ndilo linalowafanya viongozi walipende neno hili. Linatoa habari mbaya bila kumshtua msikilizaji, kwa sababu ndani yake mna ahadi kwamba kitu kinaweza kuinuliwa tena. Sina ugomvi na matumaini. Ugomvi wangu ni pale bomba linapokuwa limekatika miezi sita na taarifa bado inasoma kwamba huduma "imezorota".

Neno huandamana na afya, huduma, usalama, elimu, utendaji, na uhusiano, uwe wa majirani au wa mataifa. Haliandamani na bei wala idadi. Husemi bei ya vitunguu imezorota, bei hushuka. Husemi ng'ombe wamezorota kutoka 20 hadi 12, ng'ombe hupungua. Ukisema ng'ombe wako wamezorota, anayekusikia ataelewa wamedhoofu, na atakuuliza kama umewapatia chanjo.

Na kudorora je, si kulekule?

Hapana. Kudorora kunahusu uchangamfu na mwendo. Mechi hudorora kipindi cha pili, sherehe hudorora muziki ukizimwa, soko hudorora wanunuzi wakiacha kuja. Vyote hivyo vinaweza kuchangamka tena bila kutengenezwa chochote. Kwenye uchumi neno hili limepata cheo kikubwa zaidi, tukawa na mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho uzalishaji, ajira na biashara vinanywea kwa pamoja.

Mahali pazuri pa kuyatenganisha maneno haya ni Ilula, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, unaojulikana nchi nzima kwa nyanya. Msimu ukifurika, mkulima wa hapo anaweza kuyatamka maneno manne katika juma moja, na kila moja likawa na habari yake.

Bei imeporomoka: jana tenga lilikuwa na bei ya kueleweka, leo asubuhi ni nusu yake, kwa kuwa mashamba yote yameiva pamoja. Nyanya zimedoda: zimevunwa, zimepangwa kando ya lami, hakuna anayeuliza, na zile za chini ya tenga zimeanza kutoa maji. Biashara imedorora: wanunuzi waliokuwa wakifika kila siku sasa wanapita mara mbili kwa juma, na hali hiyo imeshavuka msimu mmoja. Shamba limezorota: majani yana mistari na matobo, matunda yametobolewa, na kila ukipiga dawa inasaidia kidogo kuliko mara ya mwisho. Hapo mara nyingi mgeni ni kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na kupewa na wakulima jina hilo la utani.

Bei ikiporomoka, aliye na nyanya zisizoiva sana anaweza kuahirisha kuvuna siku mbili tatu. Zikishadoda, hana hizo siku. Biashara ikidorora, kuahirisha hakusaidii kitu. Anatakiwa kutafuta soko jingine au zao jingine. Shamba likizorota, amuite bwana shamba kabla hajanunua chupa nyingine ya dawa ileile. Mkulima anayesema "mambo mabaya tu" kwa yote manne anamnyima hata anayetaka kumsaidia pa kuanzia.

(Tahadhari kwa wageni wa mjini: ukisikia jirani "ameporomosha" nyumba ya vyumba sita, usikimbilie kumpa pole. Kwa lugha ya mtaani ameijenga.)

Maneno kama kufifia, kuchujuka na kuchakaa yanatumika wapi?

Kufifia ni kwa mwanga, rangi, sauti, kumbukumbu na matumaini, vitu ambavyo macho au moyo huvipoteza polepole. Kuchujuka ni kwa kitambaa kilichofuliwa mno. Kuchakaa ni kwa kitu kilichotumika mpaka kikalegea: viatu, paa, pampu, gari. Wahasibu wamelichukua hilo la mwisho wakapata uchakavu, ile sehemu ya thamani ya mashine inayokatwa kila mwaka kwenye vitabu. Ukiwa mwanachama wa chama cha ushirika na ukakuta mstari wa uchakavu kwenye hesabu, jua hakuna aliyechukua hizo fedha. Lakini pia jua kwamba siku mashine itakapokufa, chama ambacho hakikuweka akiba kitarudi kwenu kuomba mchango.

Kudidimia kuna uzito zaidi. Asili yake ni kuzama, kama mguu kwenye tope, na ndiyo maana kunaposemwa elimu imedidimia msikilizaji hahisi tena ile ahadi ya kuzorota. Kitu kilichodidimia kinahitaji kuvutwa.

Mbona huduma huwa zinazorota zenyewe?

Hili ndilo swali ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa. Tazama: huduma imezorota, msitu umepungua, uchumi umedorora, maadili yamemomonyoka. Hakuna mtu ndani ya sentensi hizo. Mambo yanajitokea tu, na msikilizaji anabaki kusikitika pasipo mwelekeo.

Dawa iko ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kuzorota kuna mwenzake, kuzorotesha. Kufifia kuna kufifisha, kudhoofu kuna kudhoofisha, kupungua kuna kupunguza, kudidimia kuna kudidimiza, kuchakaa kuna kuchakaza. Ukishatumia umbo hilo la pili, sentensi haitulii mpaka itaje mtu au kitu. "Huduma ya maji imezorota" inakamilika, mwenyekiti anaweza kuendelea. "Huduma ya maji imezoroteshwa" inaning'inia hewani, na mkutano mzima unasubiri ile "na" inayofuata. Imezoroteshwa na nini? Na nani?

Si lazima jibu liwe jina la mwizi. Mara nyingi ni pampu iliyochakaa, chanzo kilichopungua, mabomba yaliyotandikwa kwa ajili ya kaya chache kijiji kikakua, au bili zisizolipwa, zikiwemo za wale wanaolalamika. Lakini kila moja ya hayo lina mwenye dhamana. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yapo chini ya wakala wa serikali, RUWASA, na uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vyenye viongozi na vitabu vya mapato. Kwa hiyo jibu la "imezorota tu" halikubaliki. Lipo kabati lenye karatasi zinazoeleza.

Wahenga hawakutuacha gizani hapa. Walisema bandu bandu huisha gogo, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Gogo haliishi lenyewe. Kuna anayebandua, na kuna anayechovya kidole.

Mgonjwa wetu hali imezorota. Nimwambieje daktari, na ndugu je?

Kwanza tenganisha kuzorota na kuzidiwa. Mgonjwa aliyezidiwa amebadilika ghafla: usiku alikula, alfajiri hajitambui. Mgonjwa anayezorota anashuka kwa siku au majuma. Ukimpigia kaka aliyeko Makambako ukasema "baba amezidiwa", ataacha kazi na kutafuta gari saa hiyohiyo. Ukisema "hali ya baba inazorota", atapanga kuja mwisho wa juma. Wote wawili watakuwa wamekuelewa sawasawa, kwa hiyo chagua neno kwa uangalifu kuliko unavyochagua salamu.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Imezorota" inasema ameshafika mahali pabaya. "Inazorota" inasema bado anashuka. "Inazidi kuzorota" inasema alishakuwa pabaya na sasa ni pabaya zaidi. Kwenye barua ya rufaa tofauti hiyo ina maana.

Kwa daktari au nesi, neno peke yake halitoshi. Eleza alichokuwa anaweza na asichoweza sasa: "Juzi alikwenda chooni mwenyewe, jana tulimshika mkono, leo hajainuka." Sentensi hiyo moja, anayoweza kuisema bibi asiyejua kusoma, inamwambia mtaalamu mwendo wa ugonjwa bila kupepesa. Ongeza tangu lini, na dawa alizopewa. Usiogope kwamba unachukua muda wake. Kuuliza hayo hayo kungemchukua muda mrefu zaidi.

Kuna na maneno ya kusitiri, kama "mgonjwa amebadilika" au "hali si yake ile". Nyumbani yana heshima yake. Kwenye dirisha la mapokezi yaache.

Mtoto wangu hajakonda wala haumwi, ila wanasema amedumaa. Inakuwaje?

Swali hili kwa Iringa si la pembeni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, ukiwa umeshuka kutoka asilimia 34 za utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Mkoa wa Iringa ulikuwa na asilimia 56.9, juu kuliko mikoa yote. Huu ni mkoa wa mahindi, maharage, viazi, maziwa na mboga. Njombe na Rukwa, nazo ghala za chakula, zilifuata.

Kudumaa si kuzorota, na hapo ndipo wazazi wengi wanapotezwa. Mtoto anayezorota unamwona: jana alicheza, leo amelala. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anakimbiza kuku. Hajashuka popote. Amebaki nyuma ya urefu ambao umri wake ulitaka, na kwa kuwa zaidi ya nusu ya wenzake wako hivyo hivyo, anasimama kati yao na haonekani mfupi. Jicho linapima kwa jirani. Kipimo cha kliniki kinapima kwa umri.

Kukonda nako ni jambo jingine. Aliyekonda ana uzito mdogo kwa urefu wake, na chakula kizuri cha majuma machache kinaweza kumrudisha. Udumavu hujengeka ndani ya siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo kuurudisha nyuma ni kazi ngumu sana. Unagusa kimo, na pia unagusa ukuaji wa akili, hivyo usifarijiwe na usemi wa "ukoo wetu ni wafupi".

Sababu zake nyingi ni za jikoni na za ratiba. Uji wa mahindi matupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Mama anayelima tangu alfajiri hadi jioni, mtoto akibaki na dada wa miaka minane, hawezi kumlisha mara nyingi kwa siku kama inavyotakiwa. Mayai na maharage vinakwenda sokoni ili ada ipatikane. Maji machafu huleta kuhara, na kila kuhara kunamwibia mtoto alichokula. Kwa hiyo ukienda kliniki omba mtoto apimwe urefu pia, usiridhike na mizani peke yake, na muulize nesi alama imeangukia wapi kwenye kadi.

Udongo wetu umechoka, au umemomonyoka?

Wakulima wa milimani husema ardhi imechoka, na wanasema kweli. Kinachochoka kinaweza kupumzishwa. Udongo wa nyanda zenye mvua nyingi hupoteza rutuba na kuwa na tindikali kwa kuoshwa na maji miaka na miaka, na hapo samadi, mikunde, chokaa ya kilimo na kubadilisha mazao vinaweza kuurudishia nguvu. Pima udongo kwanza. Chokaa ikimwagwa kwa kukisia inaweza kuharibu zaidi.

Mmomonyoko hausameheki hivyo. Kumomonyoka ni kubanduka punje kwa punje, na punje zikishateremka mlima hazirudi. Zinaingia mto Lukosi, zinaingia mto Ruaha Mkuu, na shamba linabaki na kokoto. Kwa miteremko ya Kilolo, kulima kushuka na mlima badala ya kukinga matuta ni kutoa shamba bure kwa watu wa chini. Miaka ya 1990 mkoa huu ulikuwa na mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Mazingira, ulioungwa mkono na Denmark, na baadhi ya wazee bado wanakumbuka mafunzo ya makingamaji na miti. Dodoma walikuwa na HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, tangu mwaka 1973, na Kondoa hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Neno "imechoka" lilikuwa limeshapitwa na wakati pale.

Kwa wenye vinyungu, vile vibustani vya bondeni vya kiangazi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua familia ngapi zimesomesha watoto kwa kinyungu, na sioni kama agizo pekee bila njia mbadala linatosha. Lakini Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na mto wa namna hiyo haufai kusemwa "maji yamepungua kidogo".

Redio imesema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona sukari haijashuka?

Kwa sababu kilichoshuka si bei. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Tuseme kitu kiliuzwa shilingi 1,000. Mwaka wa kwanza mfumuko ni asilimia 10, kinafika 1,100. Mwaka wa pili mfumuko "unashuka" hadi asilimia 5, na kitu kinafika 1,155. Mtangazaji amesema kweli, na wewe umelipa zaidi. Kwa Tanzania, wastani wa mfumuko ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024: bei ziliendelea kupanda, ila kwa mwendo mdogo zaidi.

Ukuaji wa uchumi nao husomwa vivyo hivyo. Mwaka 2019 uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 7.0, mwaka 2020, wakati wa korona, kwa asilimia 4.8. Waliosema uchumi uliporomoka walikosea, maana ulikua. Waliosema hakikutokea kitu nao walikosea. Muulize aliyekuwa na nyumba ya wageni njiani kuelekea hifadhi ya Ruaha. Neno sahihi lilikuwa kwamba kasi ya ukuaji ilipungua, na kwamba baadhi ya sekta zilidorora vibaya.

Kosa la sarufi linalosikika zaidi ni lipi?

"Kuzorota kwa huduma imesababisha malalamiko." Kiima hapo ni kuzorota, si huduma, hivyo upatanisho unafuata ku-: kuzorota kwa huduma kumesababisha malalamiko. Vivyo hivyo kudorora kwa soko kumewaumiza wakulima. Mdororo, mporomoko na mmomonyoko vinachukua u-: mdororo umeathiri, mmomonyoko umezidi. Udumavu pia: udumavu umeongezeka. Mmong'onyoko nao husikika sana, hasa kwa maadili, na sioni sababu ya kumsahihisha mzee kwa hilo.

Je, kitu kikishaitwa kinachopungua, kinabaki hivyo?

Hasha, na mfano tunao msituni kwetu. Kipunji, tumbili aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, anaishi sehemu mbili tu duniani: misitu ya Rungwe na Kitulo upande wa Mbeya na Njombe, na msitu wa Ndundulu wilayani Kilolo, ambako wako wachache sana. Sensa yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2008, ilipata kipunji 1,117. Hesabu ya miaka ya karibuni ilipata 1,966, baada ya kazi kubwa ya ulinzi na elimu kwa vijiji. Bado yuko hatarini kutoweka, na sehemu ya ongezeko inaweza kutokana na kuhesabu vizuri zaidi. Hata hivyo anayeandika leo kwamba kipunji "wanazidi kupungua" ananakili habari ya zamani. Neno la kushuka lina tabia ya kudumu kwenye taarifa baada ya hali kubadilika, kwa hiyo likague kila unapoliandika upya.

Naweza kuyatumia kwa watu?

Kwa tahadhari. Msanii ambaye nyimbo zake hazipigwi tena vijana husema amechuja, na aliyefilisika amefulia. Ni maneno ya kijiweni, yaache kijiweni. Mzee hachakai. Nguvu zake zimepungua, au umri umekwenda. Ukimwambia mzee wa Kihehe kwamba amezorota, hata ukitanguliza salamu ya kamwene kwa heshima zote, kaa tayari kuambiwa nani alikuwa akikubeba mgongoni.

Barua ya kulalamikia huduma iliyozorota iandikweje?

Usiianze kwa neno hilo. Anza kwa kile ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukiona. Linganisha barua mbili. Ya kwanza: "Huduma ya maji kitongojini kwetu imezorota sana, tunaomba msaada wa haraka." Ya pili: "Bomba la karibu na shule lilikuwa likijaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili. Tangu Agosti linachukua dakika kumi, na Jumatatu na Alhamisi halitoi kabisa. Kaya zinalipa kama kawaida. Tunaomba kujua kinachozorotesha huduma na tarehe ya matengenezo." Ya kwanza itajibiwa kwa pole. Ya pili inamlazimu fundi kuja na saa.

Ipeleke kwanza kwa chombo cha watoa huduma na ofisi ya kijiji, kisha RUWASA wilayani ikiwa hakuna jibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na unayo haki ya kuuliza hapo swali lilelile kwa sauti. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe ubaki nayo.